Ushindi 20 kila msimu, na bado daraja la pili hawakutaki

Swali: "Nacheza Hoops Dynasty. Huu ni msimu wangu wa tano na chuo kimoja cha daraja la tatu. Misimu mitatu mfululizo nimeshinda mechi 20, lakini mashindano ya kitaifa nimeingia mara moja tu, nikatolewa raundi ya kwanza. Dirisha la kazi lilipofunguliwa niliomba vyuo vinne vya daraja la pili, vyote vyenye jina, na vyote vikajibu kwamba sijafikia sifa. Chuo kimojawapo kimemchukua kocha aliyemaliza msimu na 17 kwa 10, yaani ushindi 17 na vipigo 10. Je, ni lazima nibebe ubingwa kwanza? Nihame chuo? Au niendelee kuomba vilevile mpaka wanikubali?"

Jibu:

Ubingwa si lazima, Kocha. Na huyo wa 17 kwa 10 sidhani kama alibebwa. Nitakuonyesha kwa hesabu kwamba msimu wake unaweza kuwa mzito kuliko wako wa ushindi 20. Tatizo lako ninavyoliona ni kwamba unaanza kufikiria maombi siku dirisha linapofunguliwa, wakati kazi ya daraja la juu inatafutwa misimu miwili au mitatu nyuma, kwenye ratiba na kwenye usajili.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: Hoops Dynasty ya WhatIfSports inachezwa kwenye kivinjari, na ndani yake unakuwa kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha Marekani. Unasajili vijana wanaomaliza sekondari, unagawa dakika za mazoezi, unachagua mfumo wa kushambulia na wa kulinda, unapanga nani aanze na nani akae benchi, halafu kompyuta inacheza mechi. Wapinzani wako baadhi ni binadamu kama wewe na baadhi ni kompyuta. Kila kocha anaanzia daraja la tatu, na juu yake lipo la pili kisha la kwanza, kwa mgawanyo uleule ambao NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, imeutumia tangu 1973.

Anayekuajiri ni kanuni ya hesabu. Hakujui, hasikii kwamba ulikuwa na bahati mbaya katikati ya msimu. Anaweka mezani rekodi yako ya misimu ya karibuni, anaitazama pamoja na hadhi ya chuo unachokiomba, ile inayoandikwa kwa herufi. Herufi ya chuo ikipanda, kizingiti nacho kinapanda. Kwa hiyo siku hiyohiyo kocha mmoja anaweza kukubalika kwenye chuo cha C- na kukataliwa kwenye cha B+, ingawa vyote ni vya daraja la pili. Ulichoambiwa wewe ni kwamba hujafikia sifa za vyuo vile vinne. Daraja la pili lenyewe bado hujaliuliza.

Sasa twende kwenye hesabu ya 17 kwa 10. Kipimo kinachobeba uzito mkubwa hapa ni RPI (Rating Percentage Index), alama inayopima rekodi yako pamoja na ugumu wa ratiba yako. NCAA yenyewe iliitumia kuanzia 1981 mpaka 2018, ilipoiweka kando kwa mashindano ya wanaume na kuleta kipimo kingine, lakini ndani ya mchezo huu RPI ni kitu cha kukitazama kila wiki. Muundo wake si mgumu. Robo ya alama ni asilimia yako ya ushindi. Nusu ni asilimia ya ushindi ya wapinzani wako, ukitoa mechi walizocheza na wewe. Robo ya mwisho ni asilimia ya ushindi ya wapinzani wa wapinzani wako. Maana yake ni kwamba nusu nzima ya alama yako wameishika watu uliowaweka wewe mwenyewe kwenye ratiba.

Chukua timu kama yako: imeshinda 20, imefungwa 7. Hiyo ni 0.741. Tuseme wapinzani wake kwa jumla wameshinda asilimia 45 ya mechi zao, na wapinzani wa wapinzani asilimia 48. Robo ya 0.741 ni 0.185; nusu ya 0.450 ni 0.225, robo ya 0.480 ni 0.120. Jumla 0.530. Sasa chukua ile ya 17 kwa 10, yenye 0.630, lakini iliyocheza na wapinzani walioshinda asilimia 57, na wapinzani wao asilimia 52. Unapata 0.157, halafu 0.285, halafu 0.130. Jumla 0.572. Kwenye orodha ya nchi nzima, tofauti hiyo ya 0.042 ni pengo kubwa: huyu amekaa vizuri juu, yule anahesabu vidole kuona kama ataingia.

Na kwa ratiba yako ileile ungehitaji kushinda ngapi ili umfikie? Fanya hesabu: 24 kwa 3 inakupa 0.567, bado uko chini. Ni mpaka 25 kwa 2. Yaani ungetakiwa kuongeza ushindi mitano uwanjani ili kulipa deni lililoingizwa siku ulipopanga ratiba, kabla hata mpira haujarushwa.

Najua ulichokifanya, kwa sababu kila kocha wa daraja la tatu anakifanya. Mechi za nje ya kanda (kundi la vyuo unavyokutana navyo kila msimu), zile unazozipanga mwenyewe, ulizijaza timu dhaifu za kompyuta ili msimu uanze na ushindi tisa, kumi mfululizo. Inapendeza kuitazama. Inaua RPI.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukawaalika mabingwa watetezi watano. Hapa ndipo makocha wengi waliokwisha kusoma kuhusu RPI wanapokosea. Kanuni haiulizi mpinzani ni mkali kiasi gani. Inauliza atashinda mechi ngapi. Timu unayoitafuta ni ile itakayomaliza na ushindi 19 au 20 kwa sababu iko kwenye kanda laini, na ambayo wewe, na wachezaji wako watano wa mwaka wa nne, unaifunga mara sita katika kumi. Timu ya namna hiyo inakulipa mara mbili: ushindi unaubeba, na baadaye yenyewe inaendelea kuwafunga wengine kwenye kanda yake huku ikikupandishia ile nusu. Kuzipata si siri. Fungua orodha ya msimu uliopita, tafuta timu zilizoshinda 18 na zaidi, fungua kikosi cha kila moja, hesabu ni wachezaji wangapi wa mwaka wa tatu wamebaki. Ikiwa watano au sita wanarudi na kocha ni binadamu anayeingia kila siku, mpelekee mwaliko. Ikiwa kikosi chote kimehitimu, iache hata kama msimu uliopita ilishinda 25, maana msimu ujao itashinda 11 na itakuvuta chini nayo.

Halafu kuna suala la ugenini. Kuanzia msimu wa 2004–05 NCAA ilibadilisha ile robo ya kwanza kwa wanaume: ushindi wa ugenini ukahesabiwa 1.4, wa nyumbani 0.6, na vipigo kinyume chake, cha nyumbani 1.4 na cha ugenini 0.6. Popote unapocheza kwa kipimo kilichojengwa hivyo, timu nzuri inayosafiri inavuna kuliko timu nzuri inayokaa kwake. Kocha mwenye kikosi cha wakongwe asiogope basi. Aliye na watoto wa mwaka wa kwanza watano, abaki nyumbani msimu huo na asubiri.

Nimeikalia ratiba muda mrefu kwa sababu haihitaji kipaji wala bahati. Ni jioni moja ya kufungua kurasa, na wengi hawaifanyi.

Tuje kwenye ubingwa. Mashindano ya kitaifa yana timu 64, kwa hiyo bingwa ni yule anayeshinda mechi sita mfululizo bila kuteleza. Tuseme una timu kali kiasi kwamba kila mechi ya mashindano hayo una nafasi ya asilimia 70. Hiyo ni timu kali kwelikweli. Uwezekano wa kushinda zote sita ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara sita: takriban asilimia 12. Ukiwa na timu ya namna hiyo misimu minne mfululizo, bado kuna asilimia 60 kwamba utatoka mikono mitupu. Lakini kushinda mbili za kwanza na kuingia 16 bora ni asilimia 49 kwa msimu, na katika misimu minne kufika hapo angalau mara moja ni zaidi ya asilimia 93. Mtu akijiwekea lengo la "ubingwa halafu niondoke" amejifunga kwenye kitu ambacho hata akifanya kila jambo sawasawa kitamponyoka mara nyingi kuliko atakavyokipata. Lengo la kuingia kila mwaka, na kushinda moja au mbili, liko mikononi mwako zaidi, na wasifu wa kuingia mara tatu mfululizo unasomeka vizuri kuliko mara moja ya ajabu iliyozungukwa na misimu ya kawaida.

Makocha wa kweli waliopanda ngazi wanaonyesha kwamba njia zote mbili zipo. Bo Ryan aliipa Wisconsin–Platteville mataji manne ya daraja la tatu, 1991, 1995, 1998 na 1999, akapita Milwaukee, na 2001 akakabidhiwa Wisconsin, ambayo aliifikisha nne bora 2014 na 2015. John Beilein alikuja bila taji la namna hiyo. Alipita Nazareth ya daraja la tatu, akakaa Le Moyne ya daraja la pili kuanzia 1983 mpaka 1992 akishinda zaidi ya alivyopoteza, akapanda Canisius, kisha Richmond, kisha West Virginia, kisha Michigan, na Michigan akaifikisha fainali ya daraja la kwanza mara mbili, 2013 na 2018. Tazama mpangilio wa safari yake: hakuna mahali aliporuka ngazi mbili, na kuanzia Le Moyne kila alikokwenda alikaa miaka mitano au zaidi kabla ya kusogea. Kanuni ya ajira kwenye mchezo inapenda wasifu wa aina hiyo.

(Aliyeubuni mpira wa kikapu wenyewe mwaka 1891, James Naismith, ndiye kocha wa Kansas aliyemaliza na rekodi ya 55 kwa 60. Ulimwengu mmojawapo wa Hoops Dynasty, yaani moja ya ligi zake zinazokwenda sambamba, una jina lake. Kwa rekodi hiyo asingeajiriwa humo.)

Kushiriki kila mwaka kunanipeleka kwenye usajili, na hapa nitakuuliza swali ambalo hukulijibu kwenye barua yako: wachezaji wako 12 wamegawanyika vipi kwa miaka ya masomo? Ushindi 20, 20, 20, lakini kitaifa mara moja, inanifanya nishuku kwamba una kundi moja kubwa, labda vijana sita wa umri mmoja, na wengine wamejazia. Wakiwa mwaka wa nne unaingia kitaifa. Wakihitimu, unabaki na ushindi wa kuokoteza dhidi ya timu dhaifu.

Makocha wengine wanapenda makundi makubwa, na kwa anayetafuta taji hoja yao ina nguvu: wachezaji sita wa mwaka wa nne uwanjani pamoja ni mzigo kwa yeyote. Kwa anayetafuta kazi, mimi nasema gawanya watatu watatu. Kila mwaka unapoteza watatu, unaingiza watatu, na kila mwaka unaanza na sita wa miaka miwili ya juu. Hutakuwa na timu ya kutisha hata siku moja, lakini hutakuwa na shimo. Na shimo ndilo linaloua maombi, kwa sababu msimu wa karibuni zaidi ndio ulio wazi mezani unapoomba. Kama sasa hivi umekwama na sita wa umri mmoja, njia ya kuwatenganisha ni kuwapumzisha wawili msimu mzima wakiwa wa mwaka wa kwanza, wasicheze, wabakiwe na mwaka wa tano huko mbele. Chagua wale ambao hawangepata dakika nyingi hata hivyo. Anayetegemea kucheza atanuna.

Kwenye kuchagua vijana, daraja la tatu kuna kishawishi cha kuchukua mwenye namba kubwa leo. Angalia bidii kwanza. Kijana mwenye kasi ya wastani na bidii ya juu, ukimpa dakika za mazoezi kwenye kitu ambacho bado ana nafasi ya kukua, mwaka wa tatu utamkuta mtu mwingine. Mwenye bidii ya chini ulivyomchukua ndivyo atakavyohitimu. Na usiwasahau kwenye dakika za kujisomea. Hakuna kinachokera kama mlinzi wako anayeongoza mashambulizi kuzuiwa kucheza kwa sababu ya alama za darasani, wakati ulikuwa na dakika tano za bure ukazitupa kwenye mazoezi ya mitupo huru.

Uaminifu nao unahesabiwa, na umeuliza kama uhame. Usihame kwenda chuo kingine cha daraja la tatu. Misimu mitano mahali pamoja ni mali kwenye wasifu wako, na kuhama kando, bila kupanda, unalipa gharama ya kuondoka bila kununua chochote. Kocha anayehama kila baada ya msimu mmoja au miwili anaanza kuonekana alivyo, na kwenye mlango wa daraja la kwanza ndiko itakakomuumiza zaidi, kwa sababu huko waombaji ni wengi na nafasi nzuri hazikai wazi.

Sasa chuo gani uombe. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako msimu huu, kabla dirisha halijafunguliwa.

Jina liweke pembeni. Najua chuo chenye A- kinavutia, lakini kama kimeachwa wazi jiulize kwa nini. Mara nyingi kocha aliyekijenga ameondoka na kundi lake la mwisho limehitimu, hadhi imebaki juu kwa msukumo wa misimu iliyopita, na atakayeingia atarithi watoto na matarajio. Chuo cha C chenye kikosi kinachorudi ni bora kwako kuliko hicho. Fungua kikosi. Kwanza hesabu ni nafasi ngapi za ufadhili zitakuwa wazi utakapofika, kwa sababu bajeti yako ya usajili inafuata idadi ya nafasi. Nafasi moja ina maana utatawala kikosi cha mtu mwingine kwa mwaka mzima bila kukigusa. Saba zina maana utasajili kwa haraka, katika daraja usilolijua, ukigombana na makocha walioanza kabla yako. Tatu au nne ndizo ninazozitafuta.

Kisha tazama mifumo, jambo ambalo ninaona linapuuzwa kuliko yote. Kila mchezaji ana herufi ya uelewa kwa kila mfumo wa kushambulia na kulinda, na herufi hiyo inajengwa taratibu, mazoezi baada ya mazoezi. Tuseme wewe ni mtu wa presha ya uwanja mzima na chuo unachokitaka kimekuwa kikilinda eneo kwa miaka minne. Wachezaji wake wa mwaka wa nne wana A kwenye ulinzi wa eneo na F kwenye presha. Ukiwalazimisha presha, umewageuza wakongwe kuwa wageni, watafanya faulo, watachoka, na benchi lao halikujengwa kwa mchezo unaokula pumzi kiasi hicho. Ukibaki na eneo lao, wewe ndiye mgeni. Msimu wa kwanza unakwenda hivyo, na msimu wa kwanza kwenye daraja jipya ndio utakaosomwa utakapotaka kusogea tena. Kwa hiyo ukiona chuo cha C- kinachoshambulia na kulinda kama unavyofanya wewe, kina wachezaji wanne wa mwaka wa tatu wanaorudi na nafasi tatu wazi, hicho ndicho chako, hata kama hujawahi kulisikia jina lake.

Mahali chuo kilipo kuna uzito pia, kwa sababu kusajili kijana wa jirani ni rahisi kuliko kumfuata wa mbali. Chuo kilichozungukwa na miji mikubwa kina vijana wengi karibu, lakini na washindani wengi. Mimi napendelea pembezoni mwa eneo lenye vijana wengi kuliko katikati yake. Daraja la pili kuna faida nyingine ambayo daraja la tatu hukuionja vizuri: wapo vijana wenye kiwango cha daraja la kwanza ambao wanakosa chuo huko juu na mwishoni wanakubali kushuka. Anayewavizia mapema, kwa subira, anapata mchezaji mmoja au wawili wanaobeba timu nzima. Kwenye kanda yenye makocha binadamu tisa au kumi kila mmoja anajua ujanja huo. Kwenye kanda ya kompyuta tupu unabaki peke yako, ila RPI yako inateseka kwa sababu wapinzani wako ni dhaifu. Kanda ya binadamu watano au sita inanitosha.

Kabla hujatuma maombi, angalia pia ni nani mwingine anaweza kuomba. Kukubalika na kupewa ni mambo mawili. Ukiwa umefikia kizingiti na mwingine naye amefikia, mwenye rekodi nzito ndiye anayechukua, na huenda hilo ndilo lililotokea kwa yule wa 17 kwa 10. Chuo cha jina kubwa kinavuta waombaji kumi. Chuo cha C- kisichojulikana mara nyingi kinabaki na mmoja, naye ni wewe. Na usifikirie njia ya mkato ya kufungua akaunti ya pili au kupanga mechi na rafiki ili mmoja apandishwe. Ni kinyume cha kanuni na utapoteza vyote.

Kwa hali yako, basi, ningefanya hivi. Msimu ujao bakia ulipo. Panga upya mechi za nje ya kanda kwa namna niliyoeleza, ukubali kwamba huenda ukamaliza na ushindi 17 au 18 badala ya 20, na usishtuke. Lenga kuingia kitaifa na kushinda mechi moja. Ukifungwa kwenye mechi za kanda ukakosa nafasi, cheza mashindano ya PI, yale ya timu zilizokosa ya kitaifa, kwa nguvu zote, usiwape dakika watoto eti kwa sababu si ya maana. Yanaingia kwenye rekodi yako, na ushindi mara tatu pale unaonekana kuliko kutolewa siku ya kwanza kule. Wakati huohuo tengeneza orodha ya vyuo nane au tisa vya daraja la pili vyenye hadhi ya C kushuka, vinavyoendeshwa na kompyuta au na makocha wasioingia tena, na ufuatilie vikosi vyao msimu mzima. Dirisha likifunguliwa utakuwa tayari unajua kila kimoja kinarudi na nani.

Umeuliza kama uendelee kuviomba vile vinne vya mwanzo. Kuomba hakukugharimu kitu zaidi ya muda, kwa hiyo jaribu kimoja ukitaka, kile ambacho mfumo wake unafanana na wako. Vitatu vingine viache. Ukishakaa daraja la pili misimu mitatu na kuingia kitaifa mara mbili, utavikuta bado vipo, na huenda siku hiyo usivitake.